Mgeni wa Saa Nne Kwenye Ukurasa wa 14

Skripti, programu ndogo niliyoiandika inifanyie kazi yenyewe, ilikuwa imefika ukurasa wa 209.

Mezani kulikuwa na kompyuta yangu, daftari langu, na cherehani ya mteja niliyoiacha tumbo wazi tangu asubuhi. Kila nusu dakika mstari mmoja ulishuka kwenye skrini: ukurasa umesomwa, lebo ya zamani imetolewa, lebo mpya imewekwa, sawa.

210. Sawa.

211. Sawa.

212. Sawa.

Ikasimama, ikaniuliza swali ambalo niliiandikia mimi mwenyewe: niendelee na hatua ya pili, ndiyo au hapana?

Nikabonyeza ndiyo.

"Huna ruhusa ya kuandika."

Nikabonyeza tena, nikidhani kidole kimeteleza. Jibu lile lile. Nikatoka, nikaingia upya kwa jina langu na nywila yangu. Mlango ukafunguka, lakini nilikuwa msomaji tu. Kama mtu yeyote wa mtaani.

Kisha nikaona kitu kingine...

212, imerudishwa kama ilivyokuwa.

211, imerudishwa.

210, imerudishwa.

Wiki sita za kazi yangu zilikuwa zinafumuliwa mbele ya macho yangu, ukurasa mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavuta uzi wa pindo. Na pembeni ya kila mstari, jina la anayefumua.

Bawaba.

Ndugu zangu, ili muelewe kwa nini jina hilo lilinishtua, lazima niwaeleze Bawaba ni nani, na hicho alichonifungia ni kitu gani.

Mimi ni fundi wa kutengeneza cherehani, si wa kushona. Nina kibanda cha mlango mmoja, nusu yangu, nusu ya mshonaji tunayemwita Vifungo. Juu ya kibanda kuna chumba, na hapo ndipo ninapolala. Nina sahani mbili, na moja haijatumika muda mrefu.

Marehemu mume wangu naye alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani. Miaka tisa iliyopita alianzisha tovuti ya mafundi, akaiita Kabati. Ni wiki, yaani tovuti ambayo kila anayeisoma anaweza pia kuiandika na kuirekebisha. Fundi wa mbali akikutana na mashine ngeni, anaingia Kabatini, anasoma alichoandika mwenzake, naye anaongeza anachojua. Sasa zimefika kurasa elfu nne na ushee.

Programu inayoiendesha wiki hiyo aliiandika yeye pamoja na mtu waliyekutana mtandaoni, aliyejiita Bawaba. Mimi nilijifunza kwa kuchungulia begani kwake. Sikwenda shule ya kompyuta. Nilisoma msimbo wao, yale maandishi ya programu, mstari kwa mstari, nisichokielewa nikakiandika daftarini, kesho yake nikarudi nacho. Mume wangu alipofariki, tukabaki wawili wa kuitunza programu hiyo. Mimi na Bawaba.

Miaka tisa, na sikuwahi kumuona wala kumsikia. Tuliandikiana tu. Lakini kuna majuma ambayo yeye ndiye mtu pekee aliyeniuliza kama nimeamka salama.

Sasa kuhusu kazi yenyewe.

Kurasa za wavuti zinaandikwa kwa lugha inayoitwa HTML, na lugha hiyo ina kanuni ambazo hubadilika kadiri miaka inavyokwenda. Kabati letu lilikuwa bado linaandika kwa kanuni za zamani. Zamani, ukitaka ukurasa utoe sauti, ulipachika kiprogramu cha pembeni kikusaidie. Vivinjari vya leo, hivi tunavyofungulia kurasa kwenye simu na kompyuta zetu, vimekitupa kiprogramu hicho. Kwa hiyo palipokuwa na sauti pakabaki kisanduku cha kijivu, kimya.

Na sauti ndiyo roho ya Kabati. Fundi mzuri anasikiliza mashine kabla ya kuigusa. Tulikuwa na kurasa 212 zenye sauti zilizorekodiwa na mafundi: bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, iliyokaa upande, mkanda uliolegea, gurudumu lililokaukiwa mafuta. Zote zilikuwa zimenyamaza.

Kanuni mpya, HTML5, zina lebo, yaani alama ya maagizo kwa kivinjari, maalumu kwa sauti, isiyohitaji msaidizi. Nikaamua kuiongezea programu yetu uwezo huo. Wiki sita nilifanya kazi hiyo kila asubuhi kabla ya wateja na kila jioni baada yao. Nilimwandikia Bawaba mpango wote, hatua kwa hatua. Akajibu neno moja: endelea.

Halafu leo hii ananifungia nje?

Nikakumbuka jambo jingine. Juma lililopita chuo kimoja cha ufundi kilituandikia barua. Wanaitaka Kabati, waichukue, waitunze wao. Nilimuuliza Bawaba tuwajibu nini. Alikuwa hajanijibu...

Vifungo aliniona uso. Huyu dada akikuona umenyamaza zaidi ya kawaida yako, anaacha kushona. Akauliza kuna nini, nikamweleza kwa kifupi. Akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye kimto chake cha pini.

"Dada, umeibiwa."

"Sijui bado."

"Hujui bado! Mtu kakufungia mlango wa nyumba yako, wewe hujui bado. Wewe ukikuta mwizi kitandani utamuuliza kama mto umemtosha."

"Nataka kwanza nione alifanya nini, na saa ngapi."

"Alifanya wizi, saa tano asubuhi. Andika hapo kwenye daftari lako."

Nikacheka kidogo. Aliendelea kuniambia kwamba mwanaume usiyemjua hata sura, unampaje ufunguo wa kitu alichokuachia mume wako. Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo.

Lakini mimi nimefundishwa na mashine. Mteja akileta cherehani akasema "mota imekufa," huwa siamini wala sikatai. Nafungua. Mara nyingi ni waya tu.

Nikafungua historia ya mabadiliko. Kabatini, kila badiliko lina mahali pa kuandika sababu, na Bawaba hajawahi kuacha sababu tupu.

Saa tano na dakika kumi na nne, ameondoa ruhusa yangu. Sababu: "Nimelazimika. Tafadhali pokea simu."

Simu?

Ninapofanya kazi ya msimbo, simu yangu naiweka kwenye droo ya nyuzi, chini ya vibobini, naizima mlio. Nikaivuta droo.

Simu tisa ambazo hazikupokewa. Zote namba moja. Namba ambayo tulipeana miaka mingi iliyopita kwa ajili ya dharura, na haijawahi kuita hata siku moja.

Nikapiga.

Alipokea kabla haijaita mara ya pili. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu mwenye mtoto aliyelala karibu.

"Hatimaye. Nilidhani simu yako ni pambo."

"Kaka, umenifungia nje."

"Nimekufungia. Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine ya kuisimamisha ile skripti yako."

"Kwa nini uisimamishe? Mpango niliku..."

"Hatua ya pili, dada. Unakumbuka hatua ya pili ni nini?"

Nilikumbuka, bila shaka. Niliiandika mwenyewe.

Kila ukurasa wa Kabati una ukurasa pacha wa majadiliano, ambapo wasomaji wanaulizana na kubishana. Kwa miaka mingi kurasa hizo zimevamiwa na roboti, yaani programu zinazozunguka mtandaoni zikibandika matangazo ya dawa na mikopo. Nilihesabu maandishi ya namna hiyo yaliyoachwa na wageni wasiojiandikisha: elfu tatu na arobaini na sita. Nikakagua hamsini. Yote hamsini yalikuwa takataka. Kwa hiyo nikaiambia skripti, ukimaliza sauti, futa hayo yote, moja kwa moja, bila kubakiza nakala.

Nikamwambia Bawaba, ni matangazo ya roboti.



"Mgeni wa saa nne," akasema. "Kwenye daftari lako umemwandikaje?"

Hapo nikafungua daftari, ingawa nilikuwa nakumbuka vizuri.

Kabla ya kuanza kazi yoyote huwa nahesabu. Nilichukua kumbukumbu za mwezi mzima za seva, ile kompyuta inayohifadhi tovuti yetu, nione wasomaji wetu wanatumia vivinjari gani, ili nijue nani ataumia tukihamia kanuni mpya. Matembezi elfu kumi na moja. Karibu wote vivinjari vipya. Kivinjari cha zamani kabisa, kile ambacho bado kina kiprogramu cha pembeni cha sauti, nilikiona kwenye kompyuta moja tu.

Kompyuta hiyo inakuja kila siku saa nne kamili asubuhi. Inafungua ukurasa mmoja, ule ule. Inakaa dakika nne hadi tano. Mara nyingine inaandika kitu kwenye ukurasa wa majadiliano. Inaondoka. Jumapili inakuja, sikukuu inakuja, haichelewi hata dakika kumi.

Nikasema moyoni, binadamu hana adabu ya namna hiyo.

Daftarini niliandika hivi: "Kivinjari cha zamani: mmoja. Roboti. Puuza."

Nikamsomea Bawaba.

"Dada," akasema taratibu, "huyo roboti ni mama mkwe wako. Na ungefuta barua zake zote."

Ndugu zangu... kuna maneno ukiyasikia, masikio yanayapokea lakini mwili unakataa. Niliinuka nikaketi tena. Vifungo alikuwa ameacha kukanyaga pedali.

Niwaeleze kuhusu mama.

Mume wangu alifariki asubuhi moja, ndani ya nyumba ya mama yake, tulipokwenda kumtembelea. Moyo ulisimama. Mimi nilikuwa chumba kimoja naye, nimempa mgongo, vidude vya muziki masikioni, naandika kwenye kompyuta. Nilipogeuka ilikuwa imeshakwisha. Simu yake ilipotea katika purukushani za hospitali, na humo ndimo zilimokuwa sauti zake zote.

Siku ya mazishi mama aliniuliza mbele za watu, "Ulikuwa chumba kimoja naye. Ulikuwa unaandika nini cha maana hivyo?"

Sikumjibu. Ningemjibu nini? Nilikuwa narekebisha jedwali. Safu zilikuwa hazilingani.

Nikaondoka siku iliyofuata. Nikahamia mji mwingine, nikapangisha hapa. Miaka mitatu sasa. Hakunipigia, sikumpigia. Kila mmoja wetu ana namba ya mwenzake.

Na ule ukurasa anaoufungua kila siku ni Sauti ya 14.

Mume wangu alikuwa na haya ya kusikika. Sauti za mashine alizorekodi nyingi hasemi neno. Ni moja tu, ya kumi na nne, ambapo alijisahau akaanza kueleza. Dakika nne na sekunde ishirini, akizungumza na gurudumu la cherehani. Sauti yake imebaki mahali hapo pekee.

Mtaniuliza kwa nini sikuipakua nikaisikiliza. Faili lilikuwa la aina ya zamani ambayo simu za leo haziielewi, ila hiyo si sababu ya kweli. Mwezi uliopita nililigeuza mwenyewe kuwa la aina mpya, kama nilivyoyageuza yote 212, na kila jingine nilisikiliza kuhakikisha ni zima. La 14 nilishusha sauti hadi sifuri, nikatazama tu ule mstari ukipanda na kushuka, nikaandika "sawa". Ukurasa wake wa majadiliano sijawahi kuufungua tangu azikwe. Katika yale maandishi hamsini niliyoyakagua, niliruka ukurasa huo kwa makusudi.

Kosa ni langu. Sitalizungusha.

Nikamuuliza Bawaba kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Nilikuambia. Mama alipoandika mara ya kwanza nilikutumia barua pepe, siku hiyo hiyo. Hukujibu."

Ni kweli. Miezi ile ya mwanzo kulikuwa na barua pepe nyingi za pole, nikazifuta zote bila kuzifungua.

"Nikadhani umesoma ukaamua kunyamaza," akaendelea. "Mambo ya mkwe na mkwe, mimi nani niingilie? Nikawa namjibu mwenyewe akiuliza jambo. Mpango wako nilisoma hatua ya kwanza na ya pili, sikufikiri kwamba hata yeye umemhesabu humo. Leo saa nne na robo, alipoandika, ndipo nilipoelewa kwamba hukujua. Ukasome mwenyewe."

Nikamuuliza pia juu ya chuo, maana sikutaka kubaki na kinyongo kisicho na jina. Akasema amewajibu jana kwamba hana haki ya kugawa kitu cha watu, wamuulize mwenye Kabati. Nakala ya jibu hilo ilikuwa kwenye sanduku langu la barua pepe. Sikuwa nimeifikia.

Tulipoagana akaniambia amenirudishia ruhusa. Nikafungua ukurasa wa majadiliano wa Sauti ya 14.

Mama alikuwa karani wa shule kwa miaka thelathini na moja. Anaandika kwa mashine bila kutazama vidole. Kompyuta ile ilikuwa ya mwanawe, aliiacha kwake ilipozeeka, na kwenye skrini alimtengenezea alama ya kubonyeza inayomfikisha Kabatini. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba ukurasa wa majadiliano ni wa mafundi kuulizana habari za mafuta na mikanda. Aliona jina la mwanawe juu, akaona neno "Majadiliano" chini yake, akaanza kuzungumza.

Maandishi mia nne na kumi na mawili. Yote yameanza na siku na tarehe, kama barua ya ofisini.

"Jumatatu. Mwanangu, taa ya uani imeungua, nimepanda kiti nikabadilisha mwenyewe. Usinigombeze."

"Ijumaa. Nimekusikia tena. Bado hilo gurudumu unaliita mtoto mkaidi. Nilikuwa nikikuita wewe hivyo."

"Jumatano. Hiyo bobini kukaa upande maana yake nini? Nimesikiliza mara nyingi sijaelewa."

Chini yake, jibu la Bawaba, kwa jina lake, kwa adabu, mistari sita, akieleza bobini. Kesho yake mama anashukuru: "Ahsante kijana mwenye jina la mlango. Nimeelewa. Sikujua mwanangu alifanya kazi yenye akili hivyo."

Nilikuwa nasoma nikishuka, taratibu, kama ninavyosoma msimbo. Na kila baada ya barua kadhaa, nikawa namkuta mtu ninayemjua.

"Alhamisi. Mke wako hajanipigia. Simlaumu. Nilimtamkia neno baya siku ile, mbele za watu, na hakuwa na kosa. Mtu akifiwa anatafuta wa kumshika, nami nikamshika yeye."

"Jumapili. Ninajua wewe husomi. Nilikuwa karani, najua barua isiyofika ikoje. Lakini hapa ni mahali penu nyote wawili, huenda yeye anasoma. Mkwe wangu, kama unasoma, nisamehe. Ukitaka usijibu, usijibu."

Tarehe ya barua hiyo ilikuwa ya miaka miwili na miezi minne iliyopita.

Miaka miwili na miezi minne nimekula peke yangu pale juu, nikiamini kuna mtu mmoja duniani anayenichukia. Na msamaha wake umekaa ndani ya programu ambayo naitunza mimi. Kila siku nilikuwa napita nje ya mlango huo.

Nikafika mwisho. Ya leo.

"Jumamosi. Mwanangu, leo husemi. Nimebonyeza mara sita. Kisanduku chako hakipo, pametokea weupe mtupu. Nimezima kompyuta nikaiwasha, bado. Kuna mtu amekunyamazisha? Kama nimekosea kubonyeza, nielekezeni."

Nililia, ndugu zangu. Siwezi kuwadanganya. Vifungo alikuja akasimama nyuma yangu na kunishika bega.

Baadaye akauliza, "Kwa hiyo si mwizi?"

"Si mwizi."

"Basi mpe salamu," akasema, akarudi kwenye mashine yake.

Mmeelewa nilichofanya? Kivinjari cha zamani hakiijui lebo mpya ya sauti. Nilipotoa ya zamani na kuweka mpya, mimi ningemsikia mume wangu, na mafundi wote wangemsikia. Mtu mmoja tu asingemsikia tena. Mama yake.

Nikapiga simu. Iliita muda mrefu, nikawa naomba aipokee na naomba asiipokee.

"Nani mwenzangu?"

"Ni mimi, mama."

"Mimi nani?"

"Mkwe wako."

Nikasikia kiti kikivutwa.

"Ngoja nikae," akasema. Kisha, "Haya. Nimekaa."

Nilikuwa nimejipangia maneno, yote yakapotea. Nikasema lile lililokuwa mbele.

"Mama, aliyemnyamazisha leo ni mimi. Nilikuwa natengeneza, nikaharibu. Sikujua kama unasikiliza."

"Ameshasema tena. Nimejaribu sasa hivi, anasema vizuri." Akavuta pumzi. "Kwa hiyo umeona niliyoandika."

"Nimesoma yote."

"Lini?"

"Leo."

"Yote, leo?"

"Sikuwahi kufungua, mama. Niliogopa huo ukurasa. Nilikuwa naona kuna mtu anakuja kila siku saa nne kamili, nikasema hiyo ni mashine."

Nikasikia kitu, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Kicheko kikavu cha mtu asiyekifanyia mazoezi.

"Hata walimu waliniita mashine," alisema. "Saa nne ndiyo ilikuwa saa yangu ya mapumziko. Mwili umezoea. Nami nilidhani umesoma ukaninyima jibu. Nikasema ni haki yake."

"Sikukunyima."

"Haya."

"Siku ile nilikuwa narekebisha jedwali, mama. Uliniuliza. Hakikuwa kitu cha maana."

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye alikuwa jikoni hatua nane kutoka pale, mlango wazi, redio imezimwa, na masikio yake ni mazima. Naye hakusikia kitu.

Tulikaa hivyo kwenye simu, hakuna anayesema. Sikumbuki kama nimewahi kunyamaza na mtu kwa raha namna ile.

Mwishoni nilimweleza shida ya kiufundi, maana huko ndiko ninakojua kutembea. Kanuni za HTML5 zimeandikwa na watu waliofikiria jambo hili. Kivinjari kikikutana na lebo kisiyoijua, hakigombi, kinaipita, kinasoma kilichomo ndani yake. Kwa hiyo si lazima nitoe lebo ya zamani. Naweza kuiweka ndani ya tumbo la mpya. Kivinjari kipya kitaishia kwenye mpya, cha mama kitapita hadi kwenye ya zamani. Ukurasa mmoja, watu wote wanasikia. Mstari huo niliusoma wiki sita zilizopita, nikauwekea alama ya "haihitajiki".

Lakini sina pa kujaribia. Kivinjari cha namna ile sikijui kwingine ila kwenye kompyuta yake.

"Kwa hiyo unataka kompyuta yangu," mama akasema.

"Nataka kuja nijaribu hapo hapo. Ukikubali."

"Njoo kesho asubuhi. Mchana umeme wetu hauaminiki." Halafu akaongeza, "Uje kabla ya saa nne. Sitaki unicheleweshe."

Wasomaji wangu, ninaandika haya jioni ya leo. Funzo nililolipata ni dogo, na limenigharimu zaidi ya miaka miwili. Ukihesabu watu ukamkuta amebaki mmoja ambaye hafanani na wengine, usimwandikie "puuza" kabla hujagonga ukaona ni nani. Na kama kuna mtu ambaye una hakika anakuchukia, jiulize hakika hiyo umeitoa wapi, na barua zake umezisoma lini. Bawaba ningeweza kumhukumu saa tano na robo, ushahidi wote ukiwa upande wangu, nami ningekuwa nimekosea kabisa.

Barua za mama nimezitolea nakala tatu. Hatua ya pili nimeifuta kwenye skripti, maandishi ya roboti nitayasoma moja moja hata yakinichukua mwaka.

Ukurasa wa 14 nimeuandika upya, lebo ya zamani ndani ya mpya. Bado sijauweka hewani. Kurasa 211 zinasubiri, cherehani ya mteja bado tumbo wazi hapa mezani, na chuo cha ufundi sijakijibu. Basi la kwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nimeweka kwenye mkoba kompyuta, daftari na nyaya, nimezima skrini.